Mkoko au Msinzi? Mwongozo Kamili wa Kuitambua Miti Hii Miwili na Mbegu Zake

Kila msimu wa kupanda miti ya pwani malalamiko ni yale yale. Kikundi kimeokota magunia ya mbegu, kimepanda siku zote za bamvua, yaani za maji makubwa, na miezi michache baadaye sehemu kubwa imekauka au imechukuliwa na maji. Ukienda kutazama unakuta mbegu za msinzi zimechomekwa kwenye matope mepesi ukingoni mwa mkondo, na za mkoko zimepandwa huko juu kwenye udongo mgumu ambao maji huufikia kwa nadra.

Wengi hukosea kwa sababu huanza na mizizi. Mizizi ndiyo inayoonekana kwanza, lakini inadanganya kwenye mti mchanga, na mbegu iliyookotwa ufukweni haina mizizi wala jani. Katika mwongozo huu tunaanza na kikombe cha ua, ile sehemu ngumu ya nje inayolishika ua. Kikombe ndicho kinachoamua. Jani, shina na mizizi ni mashahidi tu.

Miti yenyewe ni mkoko, *Rhizophora mucronata*, na msinzi, *Bruguiera gymnorhiza*. Ni ya ukoo mmoja, ndiyo maana inafanana. Majina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji: mkoko wengine huuita mkaka, msinzi wengine huuita mshinzi au muia, na wapo wanaoita kila mti wa maji ya chumvi mkoko. Ukimuuliza mwenyeji, usiishie kwenye jina. Mwambie akuoneshe mti.

Habari njema ni kwamba pwani ya Kenya na Tanzania ina mkoko wa aina moja na msinzi wa aina moja. Jihadhari na picha za intaneti kutoka Indonesia au Australia. Huko aina zinazokaribiana ni nyingi, na picha zao zitakuchanganya bure.

## Vitu vya kuandaa

- Ruhusa. Misitu ya mikoko, yaani ya miti yote ya maji ya chumvi, iko chini ya usimamizi wa serikali. Tanzania Bara pita kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), Kenya kwa Huduma ya Misitu (KFS), na kote pitia kikundi cha kijiji kinacholinda msitu huo.
- Mwenyeji anayejua njia za maji. Huyu hana mbadala.
- Jedwali la maji, au mvuvi atakayekuambia saa ya maji kupwa.
- Viatu vilivyofungwa vizuri mguuni. Mizizi ya mkoko hushikwa na chaza, na gamba la chaza hukata kama wembe. Ndala zitabaki matopeni.
- Simu yenye kamera, ndani ya mfuko wa plastiki.
- Futi kamba au rula ya sentimita 30.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ukiloana.
- Magunia matatu yenye alama tofauti: moja la mkoko, moja la msinzi, la tatu la mbegu zenye shaka. Usiliache hilo la tatu nyumbani.
- Maji ya kunywa.

Panga huhitaji. Kazi hii haina kukata wala kubandua gome.

## Hatua ya 1: Panga siku kwa maji

Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana na utafika ndani zaidi. Lakini pia hurudi kwa kasi. Siku za maji mafu mwendo wa maji ni mdogo, kwa hiyo hutafika mbali, ila kuna utulivu. Kama ni mara yako ya kwanza, chagua siku iliyo katikati.

Ingia maji yakiwa bado yanapwa, kama saa mbili kabla hayajafika chini kabisa. Yakigeuka tu, geuka nawe. Mikondo iliyokuwa mikavu nyuma yako hujaa kabla hujaona maji pale uliposimama, na hapo ndipo watu hunaswa.

Kumbuka pia kwamba saa ya maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Ratiba ya jana haifai leo.

## Hatua ya 2: Anza na mti mkubwa wenye maua

Usianze na mche. Usianze na mti uliokatwa ukachipua upya. Tafuta mti mkubwa wenye maua, matumba au mbegu zinazoning'inia. Miti hii miwili mara nyingi huwa na maua na mbegu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hutatafuta sana.

Ukishauelewa mti mzima, mche utauelewa. Kinyume chake hakiendi.

## Hatua ya 3: Hesabu meno ya kikombe

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu msituni, fanya hili.

Shika ua, au tumba lililoanza kufunguka, au hata kikombe kikavu kilichoanguka chini. Kikombe kimegawanyika kwa meno. Yahesabu.

Mkoko una meno manne. Ni mapana, manene, ya rangi ya maziwa au njano iliyofifia. Maua hukaa kadhaa pamoja kwenye kikonyo kinachogawanyika mara mbili au zaidi. Petali zake ni nne, nyeupe, zenye manyoya pembeni, na hudondoka upesi. Usishangae ukikuta kikombe kisicho na petali.

Msinzi una meno mengi, kwa kawaida kati ya 10 na 14. Ni membamba na yamechongoka. Ua huning'inia peke yake likitazama chini, na kikombe mara nyingi ni chekundu. Wekundu huo una kazi: ndege wadogo wa aina ya chozi huja kunywa asali yake, na mdomo ukigusa petali, petali hufunguka ghafla na kumrushia chavua kichwani. Unaweza kulijaribu mwenyewe kwa kijiti kwenye ua ambalo halijaguswa. Ni mchezo mzuri wa kuwaonesha watoto wa shule, na hawatausahau msinzi tena.

Usiamue kwa rangi. Msinzi uliokua kivulini unaweza kuwa na kikombe cha kijani kinachoelekea njano, na wengi hapo huruka kusema ni mkoko. Rangi hubadilika na mwanga. Hesabu haibadiliki.

Ukipata meno matano, hujaukosa mkoko kwa jino moja. Umeshika mkandaa, *Ceriops tagal*, ndugu wa tatu, naye tutakutana naye kwenye mbegu. Ukipata sita hadi manane kwenye tunda la mviringo lililokaa kwenye kikombe kama kwenye sahani, huo ni mlilana, mti wa mbali kabisa na hawa.

Utajua umefaulu ukiweza kuokota vikombe vikavu chini ya miti, bila kutazama juu, ukasema kila kimoja kimetoka mti gani, halafu ukainua macho na kukuta ni kweli.

## Hatua ya 4: Geuza jani

Majani ya miti yote miwili ni mazito, yanang'aa, hukaa mawili mawili yakielekeana na hukusanyika kwenye ncha za matawi. Ukitazama upande wa juu hutapata kitu. Kwa hiyo geuza.

Upande wa chini wa jani la mkoko umetapakaa vidoa vidogo vyeusi au vya kahawia. Huonekana kwa macho kwenye jani lililokomaa, na huonekana zaidi ukipiga picha ya karibu kisha ukaikuza kwenye simu. Jani la msinzi halina vidoa hivyo.

Kisha pitisha kidole kwenye ncha. Jani la mkoko huishia kwa kimwiba chembamba kinachochomoza kama milimita chache. La msinzi limechongoka tu, bila kimwiba.

Kimwiba hukatika. Jani kuukuu linaweza kuwa limekipoteza kwa upepo au kwa kuliwa na wadudu, kwa hiyo tazama majani matano au zaidi ya tawi lile lile kabla hujasema hakuna. Vidoa ni shahidi bora kuliko kimwiba.

Kuna wanaofundisha kwamba msinzi hutambulikana kwa wekundu wa kikonyo cha jani na wa ile ala inayofunika chipukizi. Mara nyingi ni kweli, lakini mkoko nao huwa na ala yenye wekundu. Mimi alama hii siitumii kuamua chochote.

## Hatua ya 5: Tazama shina na mizizi, lakini mwishoni

Mkoko mkubwa husimama juu ya miguu. Mizizi hutoka shinani juu ya ardhi, hupinda na kuingia matopeni mbali na shina, na mingine huteremka kutoka kwenye matawi. Kupita katikati yake ni kazi.

Msinzi hauna miguu hiyo. Shina hupanuka chini kwa mbavu fupi, na kandokando mizizi huinuka kutoka kwenye tope, hupinda kama goti na kurudi chini. Magoti hayo ndiyo njia yake ya kupata hewa kwenye tope lisilo na hewa. Gome la chini ni la rangi nzito, lina mikwaruzo na vipele vikubwa vinavyoonekana waziwazi.

Kwa nini basi tumeyaacha haya hadi sasa? Kwa sababu mbili. Kwanza, msinzi mchanga huweza kutoa mizizi mifupi kwenye sehemu ya chini ya shina inayofanana na miguu ya mkoko, na baadaye ndiyo hugeuka mbavu. Pili, msitu umechanganyika: miguu ya mkoko jirani huingia hadi chini ya msinzi, na magoti ya msinzi hutokea katikati ya miguu ya mkoko. Ukitazama ardhi tu utampa huyu mizizi ya yule. Fuata kila mzizi kwa macho hadi shinani.

Kwa muuza boriti tofauti hii haina uzito. Yote miwili hutoa mbao ngumu, na kwenye nyumba hakuna anayeuliza. Ndiyo maana hata watu waliokata miti hii kwa miaka hukosea mbegu: kazi yao haikuwahi kuwadai watofautishe.

## Hatua ya 6: Soma mbegu

Tunasema mbegu kwa mazoea. Kwa kweli ni mche ulioota ukiwa bado juu ya mti mama, ukatokeza mkia mrefu wa kijani. Hapa ndipo vikundi vingi hupoteza kazi yao, kwa hiyo nenda taratibu.

Tazama kichwa kwanza. Mbegu ya msinzi ikikomaa huanguka na kikombe chake, meno yote yakiwa yamelishika tunda. Mbegu ya mkoko huchomoka na kuliacha tunda juu ya mti. Kwa hiyo yenye kikombe cha meno mengi ni msinzi. Yenye kichwa kitupu, na kichipukizi kidogo kilichochongoka juu, inaweza kuwa mkoko, lakini bado pima.

Pima urefu. Mkoko ni mrefu: sentimita 30 na zaidi, mara nyingi 40 hadi 60. Msinzi ni mfupi, kati ya sentimita 12 na 25.

Papasa ngozi. Mkoko una vipele vingi, ni wa kukwaruza. Msinzi ni laini, wenye migongo hafifu inayopita kwa urefu, mnene kama kidole gumba, na ncha yake ya chini ni butu. Ukikomaa huanza kuchanganya kijani na zambarau au kahawia.

Mbegu iliyo bado mtini ina dalili zake za kukomaa. Kwa mkoko, tazama pale mkia unapotokea kwenye tunda: pete ya njano ikijitokeza kati ya tunda na mkia, iko tayari. Tunda lenyewe ni la kahawia, na yale meno manne yamekunjwa kuelekea nyuma juu yake. Kwa msinzi, izungushe kidogo. Ikiachia kwa urahisi pamoja na kikombe chake, imeiva. Ikikatalia, iache.

Onyo kubwa: usikivute kikombe cha msinzi kwa nguvu ili mbegu ionekane safi. Kichipukizi kimo humo ndani. Ukikinyofoa umeua mche, hata kama mkia utabaki wa kijani kwa wiki kadhaa ukikudanganya kuwa uhai upo. Vivyo hivyo kwa mkoko: usilichomoe tunda ambalo halijatoa pete.

## Hatua ya 7: Mtoe mkandaa kwenye rundo

Mbegu ya mkandaa ndiyo mharibifu wa hesabu. Ina vipele kidogo kama mkoko, na urefu wake hukaribiana na wa msinzi. Ikishapoteza tunda lake, wengi huiita "mkoko mdogo" au "msinzi uliokatika kikombe".

Ibane kati ya vidole viwili na uizungushe. Mkandaa ni mwembamba, chini ya sentimita moja, na una kingo zinazohisika wazi. Msinzi uliopoteza kikombe ni mnene karibu mara mbili na ncha yake ni butu. Mkoko ulio mfupi kuliko kawaida bado ni mnene na wa mviringo, bila kingo.

Isiyojulikana baada ya hapo iende gunia la tatu. Ukilazimisha kuipa jina utaharibu gunia zima.

Wakati huo huo toa mbegu zenye matundu madogo, maana wadudu wadogo hutoboa na kutaga ndani. Toa pia zilizovunjika ncha ya juu, zilizonyauka, na zilizotafunwa na kaa.

## Hatua ya 8: Jipimeni kabla ya kubeba

Chukueni mbegu 30 zilizochanganywa. Mtu wa kwanza azitenge peke yake, aandike idadi ya kila fungu, kisha azichanganye tena. Wa pili na wa tatu wafanye vivyo hivyo bila kuoneshana daftari.

Hesabu zikilingana, endeleeni. Zisipolingana, wekeni mbegu zilizoleta ubishi katikati na kila mmoja aseme aliamua kwa alama ipi. Mara nyingi utasikia "nilitazama rangi" au "niliiokota karibu na mkoko".

Hilo la pili ni kosa la peke yake. Mbegu hizi huelea, na maji huzisafirisha. Iliyookotwa kwenye mstari wa takataka za bahari huenda imetoka mkondo mwingine kabisa. Hata mche ulioota chini ya mkoko unaweza kuwa wa msinzi, kwa kuwa miche ya msinzi huvumilia kivuli vizuri. Mahali si alama.

## Hatua ya 9: Kila gunia na ardhi yake

Kabla ya kuchomeka chochote, tazama ardhi. Ikiwa miche inaota yenyewe hapo, huna haja ya kupanda. Linda tu isikanyagwe na mifugo wala kukatwa.

Mkoko uende kwenye matope laini ya kando ya mikondo, ambako maji hufika kila siku na kuondoka. Usiupeleke kwenye uwanda wa tope ulio wazi mbele ya msitu, upande wa bahari, ambako kuna nyasi bahari. Eneo hilo huvutia kwa sababu ni tupu na linapendeza kwenye picha za uzinduzi, lakini ni tupu kwa sababu maji hukaa muda mrefu na mawimbi hung'oa.

Msinzi uende ndani zaidi, nyuma ya mkoko, kwenye tope lililoshikana, hasa karibu na maji baridi yanayoteremka kutoka nchi kavu. Unaweza kuupanda chini ya kivuli cha miti mingine. Ukienda juu zaidi, kwenye udongo mkavu wa chumvi nyingi, utakuwa umeingia eneo la mkandaa na la mchu, mti mwingine wa maji ya chumvi.

Zote huchomekwa ncha ya mkia chini na kichwa juu, theluthi moja ya urefu ikiwa ndani ya tope, mche hadi mche mita moja hadi moja na nusu. Zisipopandwa siku hiyo, zilazwe kivulini chini ya magunia yaliyoloweshwa, kila aina na rundo lake, na kibao chenye jina kikae juu ya rundo. Kwa za msinzi, viacheni vikombe vilipo; kichipukizi kikikua kitakisukuma chenyewe.